Vifaru Wawili wa Laikipia na Swali la Kufufua Viumbe Vilivyotoweka

(Haya ni maneno ya ofisi yetu ya maendeleo katika mkutano wa kamati za parokia, uliohudhuriwa pia na wageni kutoka kwa wafadhili wetu. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala.)





Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo zamani tungeliona kwenye sinema tu. Katika robo hii ya mwaka ofisi ilipokea barua mbili. Ya kwanza iliandikwa na mfadhili ambaye ni rafiki yetu wa siku nyingi. Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani wanasayansi wamemrudisha duniani mnyama aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita. Akauliza, kwa nia njema kabisa, kama fungu letu la mazingira, hili tunalolitumia kwa vitalu vya miche na kulinda chemchemi, lisingezaa matunda zaidi likipelekwa kusaidia kazi ya maabara, hasa ile inayowahusu vifaru weupe wa kaskazini walio jirani zetu pale Ol Pejeta. Barua ya pili imetoka katika mojawapo ya kamati zenu, nayo haikuzunguka. Ilisema: akina mama wanatembea mwendo mrefu kutafuta maji, na wazungu wanahangaika na vifaru wawili, fungu lote la mazingira lifutwe, pesa ziingie kwenye visima.

Kabla ya Kwaresima mtapiga kura juu ya fungu hilo. Kwa hiyo ni vizuri tujue tunachopigia kura.

Tuanze na hiyo sayansi yenyewe, maana habari zake zimefika kwetu vipande vipande. Kila kiumbe hai kina ndani ya seli zake uzi mwembamba sana uitwao DNA. Mkulima halioni hili kuwa geni. Punje ya mahindi inabeba ndani yake habari za kuotesha muhindi, na haitaotesha mtama hata ukiibembeleza. Habari hizo zimeandikwa katika uzi huo kwa herufi nne tu, zikirudiwarudiwa kwa mpangilio mrefu ajabu. Kwa mnyama kama mbwa au binadamu, herufi hizo huhesabiwa kwa mabilioni.

Mnyama akifa, uzi huo huanza kukatika. Joto, maji na vijidudu huula. Katika nchi za baridi kali hudumu zaidi, na ndiyo maana habari nyingi za namna hii hutoka Siberia na Greenland badala ya kutoka kwetu. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walifaulu kusoma kipande kidogo cha DNA kutoka katika ngozi kavu ya kwaga, jamii ya pundamilia wa kusini mwa Afrika ambaye wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883. Huo ulikuwa mwanzo. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba DNA imesomwa kutoka katika meno ya mamothi, wale tembo wenye manyoya, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Mwaka 2022 wengine wakasoma vipande vya miaka milioni mbili kutoka katika udongo wa Greenland. Vijana wetu huuliza kuhusu dinosaria. Hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na hakuna uzi uliobaki wa kusoma. Tuwaache walipo.

Lakini kusoma herufi za mnyama si kumpata mnyama. Kinachopatikana ni kama kitabu kilichochanwachanwa na mchwa, ukurasa huku na nusu mstari kule. Hakuna anayeweza kukichukua na kukigeuza kuwa kiumbe kinachopumua. Wanachofanya ni kutafuta ndugu wa karibu aliye hai, kuchukua seli yake, na kubadilisha baadhi ya herufi zake zifanane na za yule wa kale. Chombo kinachofanya hivyo, kiitwacho CRISPR, kilielezwa mwaka 2012 na kuwapatia akina mama wawili, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Kinafanya kazi kama mkasi wa fundi cherehani: unakata mahali palepale unapotaka, kisha unashona kiraka.

Sasa tufike kwenye habari aliyoisoma rafiki yetu. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya Marekani iitwayo Colossal ilitangaza kwamba imemrudisha mbwa mwitu mkubwa wa kale wa Amerika, aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. (Hapa tusichanganye na mbwa mwitu wetu wa Laikipia mwenye madoadoa, yule ni jamii nyingine.) Watafiti walisoma DNA kutoka katika jino la miaka kama 13,000 na fuvu la miaka kama 72,000. Wakachukua seli za mbwa mwitu wa kijivu, ambaye yupo hai hadi leo, wakafanya mabadiliko 20 katika jeni 14, na mimba zikabebwa na mbwa wa kawaida wa kufugwa. Watoto watatu walizaliwa, wakubwa na weupe, wa kupendeza kweli.

Mabadiliko 20. Tofauti kati ya wanyama hao wawili huhesabiwa kwa mamilioni. Wanasayansi wengi walisema wazi kwamba hao watatu ni mbwa mwitu wa kijivu waliobadilishwa, na sisi tunaona wamesema kweli. Ukimvalisha mbuzi ngozi ya kondoo, kama alivyofanya Rebeka kwa mikono ya Yakobo kwa namna yake, baba mwenye macho hafifu anaweza kubariki, lakini mtoto ni yuleyule. Hatusemi kazi ile ni ya bure. Ni kazi ya ajabu. Tunasema jina lililopewa ni kubwa kuliko kitu chenyewe.

Na jina lina uzito. Siku hizohizo waziri wa Marekani anayesimamia ardhi ya umma na wanyamapori aliipokea habari hiyo kwa furaha na kuandika kwamba ukuu wa nchi yake umeletwa na ubunifu, si kanuni za serikali, na kwamba ufundi wa kufufua unaweza kuleta wakati ambapo wanyama hawatakuwa hatarini tena. Hapo ndipo sisi tunaposhtuka. Kampuni ile ilithaminiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 10 mwanzoni mwa mwaka huohuo. Pesa nyingi namna hiyo zikisimama nyuma ya wazo kwamba aliyetoweka anaweza kurudishwa, yule mwenye msumeno msituni atauliza kwa nini ajizuie.

Kuna mifano midogo zaidi ambayo haikupigiwa tarumbeta. Huko Hispania mbuzi mwitu wa mwisho wa aina ya bukado, jike, aliangukiwa na mti na kufa Januari 2000. Seli zake zilikuwa zimehifadhiwa. Mwaka 2003 akazaliwa mtoto aliyetokana na seli hizo, akaishi dakika chache tu kwa sababu ya kasoro ya mapafu. Aina ile inasemekana kuwa imetoweka mara mbili. Lakini huko Marekani kuna mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, mwenye miguu myeusi, ambaye wote walio hai walitokana na wazazi saba tu. Mtu mmoja mwenye busara alikuwa amegandisha seli za jike aliyekufa mwaka 1988 bila kuacha kizazi kilichobaki. Desemba 2020 akazaliwa jike kutokana na seli hizo, na mwaka 2024 jike mwingine wa chimbuko hilohilo akazaa watoto kwa njia ya kawaida. Huo ni msaada wa kweli. Damu ya ukoo iliyokuwa imepotea imerudi katika ukoo ulio hai, wenye mahali pa kuishi na watu wanaoulinda.

Haya yote yanatufikisha nyumbani.

Wengi wenu mmewaona vifaru wa Ol Pejeta, au watoto wenu wamewaona kwa ziara za shule. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi zamani katika nyika za Uganda, Chad, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Mwaka 1960 walikuwa kiasi cha 2,000. Kufikia mwaka 1984 walibaki 15 tu porini, wote katika Hifadhi ya Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Pale wakalindwa, wakazaa, wakaongezeka hadi kufikia kama 30. Kisha vita vikaja, na bunduki zikawa nyingi kuliko walinzi. Mwaka 2005 kulikuwa na mpango wa kuwahamishia wachache Kenya kwa usalama, lakini siasa za huko zikaupinga. Watu waliona wanyama wao wanachukuliwa. Hatuwalaumu. Nani kati yetu angefurahi kuona ng'ombe wake wakipakiwa lori kwa maelezo kwamba jirani anawatunza vizuri zaidi? Lakini baada ya miaka michache hakuonekana tena hata mmoja.

Desemba 2009 vifaru wanne wa aina hiyo waliletwa Ol Pejeta kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki: Sudan, Suni, Najin na Fatu. Ilitumainiwa kwamba wakirudi kwenye jua la Afrika na nyasi za Afrika watazaa. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, aliyekamatwa akiwa mdogo huko Sudan Kusini ya leo, alikufa Machi 19, 2018 akiwa na miaka 45, naye alikuwa dume wa mwisho. Wamebaki Najin, aliyezaliwa mwaka 1989, na binti yake Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000. Wote wawili hawawezi kubeba mimba. Wanalindwa na askari wenye silaha usiku na mchana, na baadhi ya walinzi hao ni watoto wa jumuiya zetu ndogondogo. Mnawajua.

Tangu Agosti 2019 timu ya wanasayansi inayoongozwa na taasisi ya Leibniz ya Berlin, ikishirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, Ol Pejeta, Dvůr Králové na maabara moja ya Cremona, Italia, imekuwa ikichukua mayai kwa vifaru hawa. Mnyama wa zaidi ya tani moja analazwa kwa dawa, mayai yanatolewa kwa sindano ndefu, kisha yanasafirishwa kwa ndege hadi Italia. Huko yanaunganishwa na mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizogandishwa zamani. Najin alistaafishwa mwaka 2021 kwa sababu ya umri na afya yake. Viinitete vyote vilivyopatikana ni vya mayai ya Fatu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vilikuwa kiasi cha 30, vimehifadhiwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kwa kuwa Fatu mwenyewe hawezi kubeba mimba, ni lazima kiinitete kipandikizwe ndani ya jike wa kifaru mweupe wa kusini. Ili kujifunza, timu ilianza na kiinitete cha kusini chenyewe. Septemba 2023 kikapandikizwa, na mimba ikashika. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kifaru. Kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule zikanyesha, mnazikumbuka, na bakteria waliokuwa wamelala udongoni wakafumuka. Jike yule akafa. Walipompasua walikuta kijusi dume cha siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Tunawaomba mfikirie hilo kidogo: miaka ya kazi, ndege, maabara, dola, na kilichoamua mambo ni mvua na udongo wa Laikipia. Baada ya hapo wamekuwa wakijaribu kupandikiza viinitete vya kaskazini vyenyewe. Mimba ya kifaru huchukua miezi 16, kwa hiyo hata habari njema ikija itakuja polepole.

Wapo wanaouliza DNA ya kale inaingilia wapi hapa. Inaingia hivi. Viinitete vya mama mmoja na madume wachache ni ukoo mwembamba, na ukoo mwembamba huugua. Kila mfugaji anajua kwa nini dume la mbegu hubadilishwa. Kuna mafuvu na ngozi za vifaru wa kaskazini katika makumbusho mbalimbali, za wanyama waliopigwa risasi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ndani yake bado kuna herufi ambazo Fatu hana. Mwaka 2023 ile kampuni ya Colossal ilijiunga na kazi hii ili kusoma herufi hizo na kuona kama zinaweza kurudishwa katika ukoo kwa ule mkasi tuliousema. Wajapani nao walionyesha mwaka 2022 kwamba seli za ngozi ya kifaru jike aliyekufa mwaka 2015 zinaweza kubadilishwa hadi hatua ya mwanzo kabisa ya kuelekea kuwa mayai au mbegu za uzazi. Safari iliyobaki ni ndefu, lakini njia imeonekana.

Sisi ofisini tunaunga mkono kazi hii ya vifaru. Tunasema hivyo waziwazi kwa sababu baadhi ya waamini wametuuliza kama si dhambi ya kujifanya Mungu. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', haukufunga mlango kwa sayansi ya jeni. Ulidai ipimwe kwa makini, kwa matunda yake na kwa nia ya wanaoitumia. Vifaru hawa hawakufa kwa uzee wa dunia. Waliuawa kwa ajili ya pembe, na sisi binadamu ndio tuliowaua. Aliyevunja mtungi wa jirani akijaribu kuuunga tena, hatumwambii anajifanya mfinyanzi.

Hata hivyo tusome vizuri habari ya nabii Ezekieli na bonde la mifupa, ambayo padre mmoja wetu aliitaja asubuhi. Nabii aliambiwa juu ya taifa lake, si juu ya wanyama, lakini mpangilio wake unafundisha. Mifupa ilikusanyika, ikaja mishipa, ikaja nyama, ikaja ngozi, na bado havikuwa hai mpaka pumzi ikaitwa. Na hata pumzi haikuwa mwisho wa habari. Ahadi iliyofuata ilikuwa kurudishwa katika nchi yao. Maabara inaweza kutufikisha kwenye ngozi. Nchi ya kurudi inatoka wapi?

Hili si neno la mimbarini tu. Jirani zetu wa Tanzania wamelipitia. Katika bonde la Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto. Aliishi mahali pamoja tu duniani, katika hekta chache zilizolowanishwa na rasharasha za maporomoko ya maji. Bwawa la umeme lilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na rasharasha zikapungua. Umeme ulihitajika, hilo hakuna wa kulikana. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa katika bustani za wanyama Marekani. Bondeni wakaisha, kukatokea na ugonjwa wa ukungu, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Huko Marekani walizaa na kuongezeka. Mwaka 2010 kundi la 100 likarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwisho wa mwaka 2012 wakaanza kuachiwa bondeni tena.

Na unajua warudi kwenye nini? Kwenye mabomba. Ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza maji pale yalipokuwa maporomoko. Chura alipatikana bila shida kubwa. Kilichokuwa kigumu, na bado ni kigumu, ni ile rasharasha ambayo Mungu aliitoa bure.

Kwa upande mwingine tazameni vifaru weusi wa Kenya. Walikuwa kama 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Leo wamepita 1,000. Hakuna aliyefufuliwa kwa maabara. Ni uzio, ni askari, ni mahakama kufunga majangili, ni majirani waliokubali kuishi nao, ingawa si majirani wote waliofurahi. Kifaru mweupe wa kusini naye alibaki na makumi machache tu kule Afrika Kusini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na leo ni zaidi ya 15,000. Mwaka 2023 vifaru 16 wa kusini walipelekwa Garamba ileile. Si wale wa kaskazini, ni binamu zao. Lakini wanakula nyasi zile na kukanyaga njia zile, na kazi ya kifaru nyikani inafanyika.

Kwa hiyo, jibu letu kwa rafiki yetu mfadhili. Kazi ya vifaru wa kaskazini ina wafadhili wakubwa, ikiwemo wizara ya utafiti ya Ujerumani. Fungu letu likiingia kule litakuwa kama kumwaga kikombe cha maji katika Ewaso Ng'iro wakati wa mafuriko. Likibaki hapa, kuna vitalu vya miche ambavyo havina mfadhili mwingine kabisa. Tunaomba libaki. Lakini tunamwomba atusaidie kwa sauti yake, kwa sababu anasikika mahali ambapo sisi hatusikiki. Seli na viinitete vya wanyama wa Afrika viko katika majokofu ya Berlin, Cremona na San Diego, ambako hazina ya seli zilizogandishwa ilianzishwa mwaka 1975. Zingebaki huku pengine zisingekuwepo leo, tunashukuru. Hata hivyo, siku ndama atakapozaliwa, au siku ufundi uliopatikana kwa Fatu utakapouzwa kwa mabilioni, nani atahesabiwa kuwa mwenye mali? Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka faida za rasilimali za jeni zigawanywe kwa haki na nchi zilikotoka na jamii zake. Marekani hadi leo haijajiunga hata na mkataba mama wa itifaki hiyo. Haya ni mambo ya kuuliza mapema, tungali tunaulizana kwa upole.

Sasa tugeukie barua ya kamati yetu, na hapa tutasema kwa uzito zaidi, maana ni barua ya mwenye kiu. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya 2020 na 2023, na hakuna mtu katika ukumbi huu ambaye hakuzika mnyama. Mtu akiona ndege imekuja kuchukua mayai ya kifaru, na yeye ana debe kichwani, hasira yake ina haki. Hatutamwambia ajivunie mazingira.

Tutamwambia jambo moja tu: atazame mto unakotoka. Maji tunayokunywa yanashuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Ewaso Ng'iro unaopita ndani ya Ol Pejeta, unaonywewa na Fatu, ndio huohuo unaofuata ng'ombe zetu hadi Samburu na Isiolo. Juu kule msituni ndiko anakoishi bongo wa mlimani, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini wamebaki chini ya 100, wote wako Kenya. Februari 2025 waliletwa 17 kutoka Florida, wajukuu wa wale waliochukuliwa huku miongo mingi iliyopita. Hao hawahitaji mkasi wa jeni. Wanahitaji msitu mnene wenye unyevu usio na msumeno, usio na tanuru la makaa wala mbwa wa wawindaji. Na msitu huohuo ndio unaoweka maji kwenye bomba lako. Ukichukua fungu la chemchemi ukalipeleka lote kwenye kuchimba visima, umelipa kamba na ndoo ukasahau maji. Visima vina fungu lake katika bajeti, na tunakubali kwamba ni dogo. Tuliongeze kutoka kwingine, hata katika semina na mikutano kama huu wa leo, ambao chai yake mmeiona.

Hapo wajumbe walicheka, lakini tulimaanisha.

Katika mapendekezo mtakayopigia kura, basi, fungu la mazingira linabaki, na linaelekezwa katika mambo tunayoweza kuyaangalia kwa macho: kuzungushia uzio chemchemi ambazo kamati zimekwisha kuziorodhesha, na vitalu vya miti ya asili, hasa muiri, ambao magome yake yamechunwa kwa ajili ya dawa hadi mti wenyewe umekuwa adimu. Mikaratusi kando ya chemchemi hatutaigharamia. Hilo tumelibishania vya kutosha.

Tena kuna jambo la taarifa zenu. Taarifa nyingi zinatuambia miche mingapi ilipandwa siku ya sherehe, na picha ya mgeni rasmi akiwa na jembe. Mfadhili hawezi kujua chochote kwa hiyo, na sisi pia. Tuandikieni miche mingapi ilikuwa hai baada ya kiangazi, nani aliimwagilia, na iliyokufa ilikufa kwa nini: mchwa, mbuzi, jua au kusahauliwa. Kamati iliyopanda 200 na kubaki na 150 imefanya vizuri kuliko iliyopanda 2,000 na haijui. Andikeni pia chemchemi ilitoa maji hadi mwezi gani.

Fomu mpya ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Kila kamati ichukue mbili, moja ya parokia na moja ya kurudisha ofisini kabla ya Jumatano ya Majivu.